Seva ndogo ya Linux kwa dola 4 kwa mwezi: hesabu ya kweli ni ipi?

Vijana wanaosoma informatiki, na hata makanisa na ushirika wenye tovuti, wanatuuliza: ukitaka seva yako ndogo ya Linux, uikodi wapi bila kumaliza feza?

Seva ni ordinatere tu, ila haizimwi, na watu wanaifikia kupitia intaneti. Unaweza kuchukua ordinatere ya zamani nyumbani na kuingiza Debian ao Ubuntu, ambazo ni za bure. Kwetu shida ni mbili. Ya kwanza kila mtu anaijua: umeme. Ya pili haionekani. Intaneti ya simu mara nyingi inaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, sawa vile parseli yenye wapangaji wengi na namba moja tu. Wewe unatoka, lakini mtu wa inje hawezi kupiga hodi kwenye mlango wako. Njo maana watu wanakodi VPS: mashini kubwa huko Ulaya ao Marekani inagawanywa vipande, kila mpangaji na Linux yake na ufunguo wake.

Sasa bei. Kwa DigitalOcean ya Marekani, VPS ya chini kabisa ni dola 4 kwa mwezi, yenye RAM ya mega 512 na diski ya giga 10. Hiyo inatosha kwa tovuti ya kurasa za kawaida. Ukitaka WordPress, mega 512 zitasongwa haraka. Afazali giga 1, dola 6. Lakini ile bei iliyoandikwa kwa herufi kubwa si mwisho. Wakikufanyia nakala ya akiba kila juma, unaongeza asilimia 20. Kwa Amazon, tangu Februari 2024, hata anwani ya IPv4 inalipiwa peke yake, karibu dola 3.60 kwa mwezi. Na kitu kimoja kinashangaza wengi: kwa DigitalOcean, kuzima seva hakusimamishi faktire. Mpaka uifute kabisa, kwa sababu nafasi yako bado imeshikwa.

Mahali mashini ilipo pana uzito, lakini si sana. Intaneti nyingi ya mashariki inapita Rwanda ao Uganda, inafika kwenye kamba za bahari kule Mombasa, kisha inapanda Ulaya. Kwa hiyo seva ya Ujerumani ao Ufaransa itajibu haraka kuliko ya Marekani.

Kwa maoni yangu, swali la kwanza kabisa si RAM wala umbali. Ni hili: utalipa namna gani mwezi wa sita? Kampuni nyingi kubwa za inje zinataka kadi ya Visa, Mastercard ao PayPal. M-Pesa na Airtel Money za kwetu hazizipokei. Mwanzoni mwa 2025 benki za Goma na Bukavu zilifungwa, na hapo ndipo mtu anaelewa hatari yake. Kadi ikikataa, kampuni inakuandikia barua pepe, kisha inasimamisha seva, na mwishowe inafuta kila kitu: picha, sauti, orodha ya wanamemba. Hakuna ofisi ya kwenda kulalamika.

Basi tafuta kampuni inayokubali ulipe mbele, miezi sita ao mwaka. Lakini angalia kama bei ya mwaka wa pili haipandi. Kama ndugu aliye Ubelgiji ao Kanada njo anakulipia, mwambie alipe tu. Akaunti ibaki kwa jina lako na barua pepe yako, kwa sababu mkikosana kesho, mwenye akaunti njo mwenye seva.

Na nakala moja ikae kwako, kwenye diski ya mkononi. Programu rsync, ya bure pia, mara ya kwanza inaleta kila kitu. Nyuma ya hapo inaleta kile kilichobadilika tu, kwa hiyo haitakula mega zako zote. Ukiipanga ifanye kazi usiku wakati forfait ni ya bei ya chini, asubuhi unakuta nakala iko tayari.