Mizani, Karani na Klasi: Programu Inahitaji Objekti Ngapi?

Viwanda vingi vya kahawa vya Nyeri viko bondeni, kando ya mto, kwa sababu kumenya kahawa kunataka maji mengi. Jioni ya msimu wakulima hupanga foleni na magunia yao, karani husimama penye mizani, na macho yote huwa kwenye namba moja. Gunia likitua, namba inapanda, inashuka, inapanda tena kidogo, kisha inatulia. Karani akiandika kabla haijatulia, mkulima humwambia, "Angalia tena." Ana haki. Hizo ni pesa zake, na atazishika miezi kadhaa baadaye kahawa ikishauzwa.

Nimeanzia bondeni kwa kuwa ndiko nilikojifunza jibu la swali ambalo wanafunzi wangu huniuliza kila muhula. Unapotengeneza programu ya mtu kubonyeza nayo ikamjibu papo hapo, ni sehemu gani uijenge kwa objekti, na ni ipi uiache iwe data na fanksheni za kawaida?

Kwa msomaji asiyefanya kazi hii: objekti ni kifurushi kinachobeba taarifa zake pamoja na kazi ambazo sehemu nyingine za programu zinaweza kukiomba kifanye. Klasi ni kalibu ya kutolea objekti za aina moja, kama kalibu ya matofali. Urithi ni klasi moja kuchukua vyote vya klasi nyingine, kisha kuongeza vyake. Fanksheni haina kifurushi: unaipa data, inakurudishia jibu, basi. Vitabu vya kufundishia hupenda mfano wa Mnyama, na chini yake Mbwa na Paka, kila mmoja akilia kivyake. Mfano huo unaeleweka upesi, na kwa maoni yangu ndio ulioharibu miradi mingi. Unamfanya kijana aamini kwamba kazi yake ya kwanza ni kuipanga dunia kwa koo na vizazi.

Objekti na skrini zina undugu wa siku nyingi. Lugha ya Simula ilitengenezwa Oslo, Norway, miaka ya 1960 na Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard ili kuigiza kwenye kompyuta shughuli zenye foleni na vitu vinavyobadilika hali kila wakati. Toleo la 1967 ndilo lililoleta klasi na urithi. Miaka ya 1970 Alan Kay na wenzake wa Xerox PARC, California, wakatengeneza Smalltalk, iliyokua pamoja na madirisha na kipanya. Mwaka 1979 Mnorway mwingine, Trygve Reenskaug, akiwa mgeni hukohuko, akapendekeza data itenganishwe na kile kinachoonekana kwenye skrini, na vyote viwili vitenganishwe na kile kinachopokea maagizo ya mtumiaji. Kwa hiyo anayesema objekti hazina kazi kwenye programu za skrini hajui zilikotoka. Lakini Simula iliundwa kwa vitu vyenye hali inayobadilika. Hilo ndilo tulilolisahau tulipoanza kufanya kila nomino kuwa klasi.

Programu yangu ya kwanza ya kupima kahawa, niliyoandikia chama kimoja cha ushirika katika kaunti hii, ilikuwa na klasi ya Mtu. Chini yake palikuwa na Mfanyakazi na Mwanachama. Chini ya Mfanyakazi kulikuwa na Karani na Meneja, na chini ya Mwanachama kulikuwa na MkulimaWaKahawa. Mchoro wake ulipendeza sana ukutani. Wiki ya kwanza ya matumizi, karani mmoja, mama wa makamo aliyefanya kazi hiyo miaka mingi, aliniita penye mizani.

"Kijana wangu," akasema, "mimi ni karani, na mimi pia ni mkulima wa hapahapa. Kwa nini mashine yako inataka nichague?"

Sikuwa na jibu. Nilitumia Java, na katika Java klasi hurithi kutoka klasi moja tu. Milima hii haiishi hivyo. Mtu mmoja ana mikahawa mia mbili, ana chai kidogo upande wa juu, ana ng'ombe wawili wa maziwa, na mchana ameajiriwa. Leo ni karani, mwaka ujao anachaguliwa kwenye kamati. Ukarani na uanachama ni mambo mtu anayoyapata na kuyaacha, hazaliwi nayo. Kumbe ilitosha kuwa na rekodi ya mtu, na kando yake orodha ya nafasi zake na tarehe alizozishika.

Kosa la pili lilikuwa zito zaidi, maana liligusa pesa. Objekti ya mkulima ilibeba jumla ya kilo zake, na kila gunia lilipopimwa niliiongeza. Risiti nazo nilizihifadhi mahali pengine. Siku moja stima ikapotea katikati ya foleni. Iliporudi, jumla ilisema hivi na risiti zikasema vile, na mzee mmoja alikuwa na karatasi mkononi isiyolingana na skrini. Tulikesha tukihesabu risiti moja moja kwa mwanga wa simu.

Tangu siku hiyo rekodi ya uzito kwangu si objekti yenye uhai. Ni mstari mmoja: namba ya mwanachama, tarehe na saa, kilo, ni cheri au ni mbuni iliyokaukia na ganda lake, na ni karani gani aliyepima. Ukishaandikwa haufutwi wala haurekebishwi. Kukitokea kosa, unaandikwa mstari mwingine wa kuubatilisha, na yote miwili inabaki ikionekana. Jumla haihifadhiwi popote. Fanksheni moja inapokea mistari ya mwanachama na kurudisha kilo. Fanksheni hiyo naweza kuijaribu nikiwa nyumbani Nyeri mjini, bila mizani, bila printa, bila karani. Ukweli ukikaa mahali pawili, siku moja sehemu hizo mbili zitabishana, na atakayeumia ni mkulima.

Sasa mizani yenyewe. Hapo ningekuwa mjinga kukwepa objekti. Mizani ina hali: imetulia au bado inayumba, imerudishwa sifuri au haijarudishwa, waya umeshika au umechomoka. Ina sheria za kulindwa: uzito usisomwe kabla haujatulia, na uzito wa gunia tupu uondolewe kila mara. Halafu mizani zenyewe ni za namna nyingi. Moja inatuma namba kwa waya, nyingine kwa Bluetooth, na ya tatu ni ya zamani, ya mshale, karani anasoma mwenyewe na kuandika. Sehemu nyingine za programu hazihitaji kujua ni ipi. Zinaomba uzito uliotulia, zinapewa. Ninayo pia ya nne, mizani ya uongo inayotoa namba ninazotaka, ambayo huitumia kwenye majaribio. Klasi hizo nne ziko sambamba, zimefungwa na ahadi moja ya kazi, na hakuna inayomrithi mwenziwe.

Printa ya risiti iko hivyohivyo. Foleni ya rekodi zisizotumwa nayo ni hivyo, kwani bondeni ndiko mtandao unakopotea, na lazima kitu fulani kikumbuke ni zipi zimefika makao makuu na ni zipi bado. Vitu vitatu vyenye hali na sheria, objekti tatu. Kwangu kipimo ndicho hicho. Je, kitu hiki kinabadilika programu ikiendelea, na je, kuna jambo baya litakalotokea mtu akikigusa ovyo? Majibu yote mawili yakiwa ndiyo, kipe klasi. Vinginevyo kiache kiwe data.

Kwenye michezo ya kompyuta mambo huwa magumu zaidi, na vijana wengi wa milimani siku hizi wanataka kutengeneza michezo. Wanaye wa kumwangalia: Wesley Kirinya, Mkenya, alitoa The Adventures of Nyangi mwaka 2007, na mwaka 2009 akaanzisha Leti Arts pamoja na Eyram Tawia wa Ghana. Kikundi kimoja nilichokisaidia kilitaka mchezo wa kuongoza ndovu kutoka msitu wa Mlima Kenya hadi wapite chini ya barabara ya Nanyuki hadi Meru, pale palipojengwa njia yao ya chini. Walianza kwa koo: Kitu, kisha Kinachotembea, kisha Mnyama, kisha Ndovu, na lori nalo chini ya Kinachotembea. Msimbo wa kudhuru waliuweka kwenye Kinachotembea, maana ndovu anaweza kuponda na lori linaweza kugonga. Halafu wakafika kwenye ua wa umeme. Ua hautembei, ila unadhuru. Wakaupandisha msimbo huo hadi kwa Kitu, na kuanzia hapo hata mti ulikuwa na uwezo wa kupiga mtu shoti. Baada ya miezi miwili klasi ya juu kabisa ilikuwa na kila kitu, na hakuna aliyethubutu kuigusa.

Dawa yake inajulikana. Mwaka 2002 Scott Bilas alieleza kwenye mkutano wa watengenezaji michezo Marekani jinsi Dungeon Siege ilivyojengwa kwa vipande vinavyounganishwa badala ya mti mrefu wa urithi. Kila kitu kwenye ramani kinapewa namba tu, kisha kinafungiwa vipande: mahali, mwendo, madhara, picha. Ndovu ana vyote vinne. Ua una mahali, madhara na picha. Mti una mahali na picha. Hakuna ukoo wa kubishania. Kuna pia faida ya kasi. Mchezo unaochora picha 60 kwa sekunde una milisekunde 16 na kidogo kwa kila picha, na prosesa huvuta data kutoka kwenye kumbukumbu kwa mafungu, mara nyingi ya baiti 64. Mahali pa ndovu wote pakipangwa mfululizo, fungu moja huleta kadhaa kwa mpigo; pakitawanyika kwenye objekti mia, prosesa husubiri. Kwenye simu ya bei nafuu, ya aina wanayobeba watu wengi soko la Karatina, kungoja huko kunaonekana kwa macho.

Hata kwenye kurasa za kawaida za intaneti upepo umegeuka. React, iliyotolewa na Facebook mwaka 2013, ilizoeleka kwa klasi. Tangu toleo la Februari 2019 watengenezaji wengi huandika vipande vya skrini kama fanksheni. Hii haina maana kwamba klasi zimekufa. Flutter bado imejaa klasi na inafanya kazi vizuri, kwa kuwa hapo skrini hujengwa kwa kuweka kitu kidogo ndani ya kingine, na urithi hauendi mbali.

Kijana unayeanza mradi wako leo, iwe Nyeri, Embu au Meru, usichore mti wa klasi kabla hujaenda kumwona mtu atakayeitumia programu. Kaa naye siku nzima. Andika ni nini kinachobadilika mbele yake na ni nini anachoogopa kikiharibika. Programu yangu ya kahawa sasa ina objekti tatu, rekodi za mistari, na fanksheni za kutosha. Chama kilipotaka kuanza kupokea maziwa, tuliongeza aina moja ya rekodi na fanksheni mbili, na mizani haikuguswa. Yule mama karani anapima, na kilo zake mwenyewe zinaingia kwa namba yake ya uanachama kama za mkulima mwingine yeyote.