Mfundishe Mwenzako, Nawe Utaelewa

Akina mama wengi hudhani kuwa mtu hawezi kufundisha mpaka awe amejua yote. Hata huku kwetu Mkumbara utamsikia mama aliyetoka kwenye mafunzo ya afya akisema, "Mimi si mtaalamu, nitamfundisha nani?" Lakini mara nyingi mtu huelewa vizuri pale anapomfundisha mwenzake.

Tuchukue mfano wa mtoto anayeharisha. Dawa bora ni pakiti ya ORS pamoja na vidonge vya zinki kutoka zahanati. Pakiti ikikosekana, mama huelezwa achanganye lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Mama huitikia, "Nimeelewa," akaenda zake. Je, kweli ameshika? Chumvi ikizidi humdhuru mtoto.

Sasa mama huyo na amfundishe jirani yake. Jirani atauliza: "Lita moja nitaipimaje? Mtoto akitapika nifanyeje?" Hapo mwalimu ataona mwenyewe alichokishika na kilichomponyoka. Itambidi arudi zahanati kuuliza, na jibu atakalopewa hatalisahau: mtoto akitapika, ngoja dakika 10, kisha mpe tena kidogo kidogo.

Taifa letu limewahi kuitumia njia hii. Mwaka 1973, kampeni ya "Mtu ni Afya" iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadili magonjwa kama malaria na kichocho. Vikundi viliongozwa na watu waliopewa mafunzo mafupi tu, wala si madaktari. Baada ya mazungumzo, watu walichimba vyoo.

Mama mpendwa, anza hivi. Jambo ulilojifunza leo, mweleze mtu mmoja kabla ya wiki kwisha. Mwache naye akueleze kwa maneno yake mwenyewe. Usilolijua, sema "sijui", kisha kaulize, maana kosa la mwalimu huenea nyumba kwa nyumba. Na mwanao akitoka shuleni, usimwulize tu amesoma nini. Kaa naye jikoni, umwambie, "Hebu nifundishe." Atakapokwama, ninyi wawili mtajua pa kurudia.