Je, Wajua? Kiajemi na Sarufi Iliyoazimwa

Kiajemi na Kiarabu si ndugu. Kiajemi ni cha ukoo wa Kihindi-Kiulaya, Kiarabu ni cha Kisemiti. Lakini Waarabu walipoiteka Iran katika karne ya 7, maneno yao yalianza kuingia, na mengi yaliingia na sarufi yake mgongoni.

Je, wajua kwamba neno moja la Kiajemi laweza kuwa na wingi wa namna mbili? Wingi wa *ketab*, yaani kitabu, ni *ketabha* kwa kanuni ya Kiajemi, na *kotob* kwa kanuni ya Kiarabu ya kulibadili neno kwa ndani. *Ketabha* husikika mitaani, *kotob* hukaa zaidi katika maandishi. Linalonistaajabisha ni kwamba Waajemi walizizoea kanuni za Kiarabu hata wakayavika maneno yao wenyewe. *Farman*, amri, ni neno la Kiajemi asilia, lakini wingi wake mmojawapo ni *faramin*. *Sabzi*, mboga, huwa *sabzijat*. Hata simu haikusalimika: wapo wasemao *telefonan*, "kwa njia ya simu", kwa mwisho uleule wa Kiarabu tulio nao katika "mathalan". Watetezi wa Kiajemi safi hulikemea neno hilo.

Je, wajua kwamba katika vitenzi vyenye asili ya Kiarabu, Kiswahili kilithubutu zaidi? Sisi twasema kufikiri, kusafiri, kusubiri, kisha twanyambua tutakavyo: fikiria, safirisha, subiriana. Mwajemi huliacha neno la Kiarabu lilivyo na kuliongezea *kardan*, kufanya: *fekr kardan*, *safar kardan*, *sabr kardan*. Machache tu yalipata mwisho wa kitenzi cha Kiajemi, kama *fahmidan*, kufahamu.

Kiajemi hakina jinsia ya kisarufi; *u* ni mwanamume au mwanamke, kama "yeye" yetu. Hata hivyo Wizara ya Mambo ya Nje huitwa *vezarat-e omur-e khareje*, na *khareje* hapo ni umbo la kike, kwa kuwa Kiarabu huupa wingi wa vitu sifa ya kike.

Maana nazo zimehama. *Enqelab* kwa Mwajemi ni mapinduzi ya umma. Kwa Mwarabu wa leo, *inqilab* ni serikali kupinduliwa, mara nyingi na wanajeshi. *Jame'e* ni jamii huko Tehran, ilhali *jami'a* ni chuo kikuu huko Kairo.

Mwaka 1935, chini ya Reza Shah, kiliundwa chombo cha lugha, Farhangestan, kutafuta maneno ya Kiajemi ya kushika nafasi ya yaliyoazimwa. *Baladiye*, manispaa, ikawa *shahrdari*, na jina hilo lingali likitumika. *Ketab*, *fekr* na *safar* hayakung'oka.

Basi wewe unayejifunza Kiajemi, kila ukutanapo na nomino yenye asili ya Kiarabu, andika na wingi wake palepale. Magazeti ya Iran hutumia maumbo yote mawili ya wingi.