Michezo ya Vita Mezani (3): Siku ya Klabu

Wiki iliyopita tulimwacha Luteni von Reisswitz wa Prusia, aliyetoa mwaka 1824 kanuni za mchezo wa vita kwa maofisa wa jeshi, mwamuzi akiwa ndiye mwenye kauli ya mwisho. Leo tuingie katika kumbi za Uingereza, ambako michezo hii ni burudani ya raia, tuone klabu inavyoandaa siku nzima ya mapambano ya kirafiki.

Bingwa hamsumbui mwandalizi, atapatikana tu. Kinachomsumbua ni yule aliyechapwa asubuhi: atabaki ukumbini hadi jioni kwa hiari yake, au atafunga sanduku lake la askari na kwenda zake?

Ndiyo maana klabu nyingi hupenda kanuni fupi. Mfano mzuri ni De Bellis Antiquitatis ya Phil Barker na wenzake, iliyotoka mwaka 1990. Kila jeshi lina vikosi 12 tu. Kikosi ni kibao chenye upana wa milimita 40, juu yake vimegandishwa vijisanamu vichache vya askari waliopakwa rangi kwa mkono, na uwanja wa sentimita 60 kila upande unatosha. Kila zamu mchezaji hurusha dadu moja, na namba itakayotokea ndiyo idadi ya amri anazoweza kutoa. Akipata 1, safu nzima ya mikuki iliyoshikamana yaweza kusonga mbele, lakini wapanda farasi wa pembeni watabaki wamesimama, hata kama adui amewapa mgongo. Atakayetangulia kupoteza vikosi 4, mwenzake akiwa amepoteza vichache zaidi, ameshindwa. Mara nyingi yote hayo huisha ndani ya saa moja, kwa hiyo siku moja hubeba raundi nne na chakula cha mchana kikaliwa kwa utulivu.

Mtoano haufai hata kidogo. Mtu ametoka mbali na jeshi alilolipaka rangi kwa miezi, halafu saa tano asubuhi aambiwe kazi yake imekwisha! Ufaao ni mtindo wa Uswisi, uliotumika katika mashindano ya sataranji mjini Zürich mwaka 1895. Raundi ya kwanza hupangwa kwa kura; baada ya hapo wenye pointi sawa hukutanishwa, na hakuna anayerudiana na mpinzani yule yule. Aliyepoteza mara mbili hukutana na aliyepoteza mara mbili, na hapo mechi huwa ya haki. Idadi ya wachezaji ikiwa witiri, mwandalizi mwenyewe hushika jeshi la akiba ili asikae mtu bure. Jeshi hilo hilo, siku nyingine, ataazimwa mgeni asiye na lake.

Muda nao usimamiwe. H. G. Wells, katika Little Wars ya mwaka 1913, alishaweka kikomo cha muda kwa kila zamu. Mwandalizi atangaze dakika 10 za mwisho kwa sauti, na kengele ikilia, matokeo yaandikwe yalivyo.

Ugomvi mwingi huzuilika kwa mchezaji kusema nia yake kabla ya kugusa kibao: “Nawapeleka farasi hawa pembeni, nje ya mishale yako. Sawa?” Mwenzake akikubali, hata mkono ukiteleza milimita mbili hakuna kesi. Dadu iliyoegemea kilima ikalala upande irushwe tena; hilo likubaliwe kabla ya mchezo. Na askari wa mwenzako hawashikwi bila ruhusa, kwani mkuki wa milimita 15 huvunjika kwa kidole kimoja.

Zawadi kubwa, kwa maoni yangu, apewe yule ambaye wachezaji wenyewe watampigia kura kuwa mpinzani mwema kuliko wote, kwa kuwa ndiye aliyewafanya wenzake wacheze vizuri.

Wiki ijayo: namna ya kutengeneza vilima, mito na misitu ya mezani.