Negativu za Mtaa wa Jagiellońska

Machi 1945, katika kiwanja cha nyumba namba 12, Mtaa wa Jagiellońska, jijini Łódź nchini Poland, watu wachache walikuwa wakichimba. Walichokitafuta ni sanduku la mbao lililozibwa kwa lami, na ndani yake makopo ya negativu za picha. Mwenye mali alikuwa Henryk Ross, mpiga picha Myahudi aliyelifukia mwaka 1944 akiamini kwamba huenda yeye asipone, lakini ushahidi upone. Sanduku lilipatikana. Maji ya ardhini yalikuwa yameshalifikia, na kati ya negativu zipatazo 6,000, karibu nusu ziliharibika. Ross hakuacha mazoea yake hata siku hiyo: ufukuaji wenyewe ulipigwa picha.

Kabla ya vita Łódź lilikuwa jiji la viwanda vya nguo, na karibu theluthi ya wakazi wake walikuwa Wayahudi. Wajerumani waliliteka Septemba 1939, wakalibadilisha jina kuwa Litzmannstadt, na kufikia mwanzo wa Mei 1940 walikuwa wamewafungia Wayahudi takriban 160,000 katika geto, eneo la kilomita za mraba nne hivi upande wa kaskazini, penye nyumba nyingi zisizo na maji wala vyoo vya ndani. Waya wa miiba na bunduki vililizunguka. Ndani, Wanazi waliweka Baraza la Wayahudi likiongozwa na Chaim Rumkowski, mzee aliyeamini kwamba watu wake wakifanya kazi ya kutosha wataachwa hai. Kwa hiyo geto likageuzwa karakana: sare za jeshi la Ujerumani zilishonwa humo na watu waliokuwa wakiishi kwa supu nyepesi na kipande cha mkate. Zaidi ya watu 40,000 walikufa humo humo kwa njaa, baridi na maradhi, bila hata kupelekwa kambini.

Ross alikuwa amezoea kupiga picha za michezo kwa ajili ya magazeti. Ndani ya geto aliajiriwa na Idara ya Takwimu ya Baraza. Kazi yake ilikuwa picha za vitambulisho, na picha za karakana za kuwaonyesha Wajerumani jinsi Wayahudi walivyo na faida. Filamu ilitolewa kwa hesabu. Basi akabuni njia: alitengeneza jukwaa la ngazi tatu, akawapanga watu hadi 12 kwa mpigo, akawapiga wote katika negativu moja, kisha kila uso ukakatwa peke yake. Filamu iliyobaki aliitumia kwa picha alizokatazwa. Alificha kamera ndani ya koti, akalifungua koti kidogo, akapiga, akalifunga. Mkewe Stefania alimsaidia kuangalia kama kuna anayewaona.

Hakuwa peke yake. Mendel Grossman, mwajiriwa wa idara ile ile, alitoboa mifuko ya koti lake ili mikono iifikie kamera iliyofichwa humo, akapiga picha zaidi ya 10,000, nyingine za jamaa zake mwenyewe wakidhoofika siku hadi siku. Grossman alikufa Aprili 1945 katika matembezi ya kulazimishwa, vita vikiwa ukingoni. Negativu zake alizificha chini ya dirisha. Dada yake alizipata na kuzipeleka Palestina, zikapotea katika vita vya 1948. Zilizobakia ni nakala, na zimebakia zaidi kwa sababu wakati wa uhai wake hakuwa mchoyo: aliwagawia watu picha zao.

Nini kimo katika negativu za Ross? Kimo kile ambacho msomaji anakitarajia: mtoto akifukua ardhi kwa vidole akitafuta viazi vilivyooza, watu wakivuta mkokoteni wa pipa la kinyesi kama punda, maiti ya mtu njiani. Lakini kimo pia kile kinachomchanganya mtazamaji. Bibi harusi na bwana harusi. Mama akimbusu mwanawe shavuni. Vijana wawili wapenzi wakikumbatiana kwenye majani. Watu waliovaa vizuri wamekizunguka chakula mezani. Mtoto mdogo aliyevalishwa kama polisi wa geto, akicheza na mwenzake.

Kwa miaka mingi picha hizi za pili hazikuonekana sana. Ross mwenyewe, alipohamia Israel na kuchapisha kitabu kuhusu safari ya mwisho ya Wayahudi wa Łódź, alizipa nafasi zile za mateso. Albamu yenye zile nyingine ilitoka mwaka 2004, yeye akiwa ameshafariki. Baadhi ya waliozitazama walikereka: vipi watu wacheke humo? Swali hilo ni la haki, ila jibu lake halimo katika cheko. Limo katika tarehe.

Tarehe 4 Septemba 1942 Rumkowski alisimama mbele ya umati akawaomba wazazi wawatoe watoto wao. Wanazi walikuwa wamedai watoto walio chini ya miaka 10, wazee waliopita 65, na wagonjwa. Katika siku chache zilizofuata watu zaidi ya 15,000 walikusanywa nyumba kwa nyumba na kupelekwa kambi ya Chełmno, walikouawa kwa moshi wa sumu ndani ya malori. Polisi wa Kiyahudi walioshiriki msako huo waliahidiwa kwamba watoto wao wataachwa. Sasa mtazamaji airudie ile picha ya mtoto aliyevalishwa upolisi, ambayo kwa kawaida inatajwa kuwa ya 1943. Mtoto wa umri ule aliyekuwa bado anacheza ndani ya geto mwaka 1943, kwa kawaida alikuwa mtoto wa mtu mwenye cheo. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, na geto nalo lilikuwa na walioshiba. Picha hiyo ya mchezo inaeleza mambo ambayo ya maiti haiwezi kuyaeleza: jinsi utawala wa Wanazi ulivyowagawa waliofungiwa pamoja, ukampa mmoja uhai wa mwanawe kwa kumtuma akachukue wa jirani.

Ipo nyingine, iliyopigwa kwenye gereza la Mtaa wa Czarniecki, walikowekwa waliokuwa wakingoja kusafirishwa. Watoto wamesimama kwenye uzio wa waya, waliobaki upande huu, wanaoondoka upande ule, wanazungumza. Hapo hapahitaji maelezo.

Picha iliyomtia Ross hatarini kuliko zote aliipiga katika stesheni ya Radegast, nje ya waya. Watu waliokuwa wakifanya kazi pale walimwingiza kwa siri, wakamfungia ndani ya stoo ya saruji. Alikaa humo tangu asubuhi mpaka jioni, akipiga kupitia tundu la ukuta wakati watu wakiswagwa kuingia mabehewa ya mizigo. Aliieleza siku hiyo mahakamani mjini Jerusalem mwaka 1961, alipokuwa shahidi katika kesi ya ofisa wa Kinazi Adolf Eichmann, na picha zake zikawa vielelezo.

Kamera nyingine pia ilikuwa kazini Łódź, na hiyo haikufichwa kotini. Walter Genewein, raia wa Austria, alikuwa mhasibu mkuu wa ofisi ya Wajerumani iliyoliendesha geto. Alipenda kupiga picha za rangi. Slaidi zake karibu 400 ziliibuka Vienna mwaka 1987, na ndani yake geto linaonekana kama biashara inayokwenda vizuri: mafundi kwenye mashine, bidhaa zimepangwa. Barua zake nazo zimebaki. Humo aliilalamikia kampuni ya Agfa kwamba slaidi zake zinatoka na wekundu wa kahawia, akataka kujua kasoro iko wapi. Mtu aliyezungukwa na watu wanaokufa kwa njaa alikuwa anashughulishwa na rangi.

Kwa hiyo tabasamu la bibi harusi wa Ross na utulivu wa fundi wa Genewein si kitu kimoja, hata kama wote wawili walisimama hatua chache kutoka kwenye waya ule ule. Bibi harusi alimwita mpiga picha aje. Fundi hakuulizwa.

Agosti 1944 geto lilifungwa kabisa, na watu wasiopungua 65,000 wakapelekwa kambi ya Auschwitz, Rumkowski na jamaa zake wakiwemo. Ross na mkewe walibakizwa katika kikundi cha kusafisha mitaa iliyoachwa tupu. Makaburi yao yalikuwa yameshachimbwa katika makaburi ya Wayahudi. Jeshi la Kisovieti liliingia tarehe 19 Januari 1945 kabla hawajapigwa risasi. Waliokutwa hai ndani ya geto walikuwa watu wasiofika 900.

Zilizobaki za Ross, negativu na nakala zaidi ya 3,000, ziko Toronto katika Makumbusho ya Sanaa ya Ontario tangu mwaka 2007, nyingine zikiwa na madoa ya maji pembeni, na zinatazamwa pia kwenye intaneti. Msomaji atakayezitafuta asiziruke zile za harusi na za watoto wanaocheza kwa kudhani si za vita. Aanze nazo, na katika kila moja aulize ilikuwa mwaka gani.