Vyanzo vya Matetemeko ya Nchi

Wasikilizaji wetu, mtu akiuliza, "Tetemeko la nchi litakuja lini?" jibu la haki ni kwamba hapana ajuaye. Hata mabingwa wa elimu ya miamba hawawezi kutaja siku wala mwezi. Lakini liko swali jingine liwezalo kujibiwa, nalo humfaa zaidi mtu ajengaye nyumba: Mahali hapa, katika muda wa miaka 50, ardhi yaweza kutikisika kwa nguvu kiasi gani? Leo twataka kueleza jinsi jibu lake linavyotafutwa, na jinsi linavyoweza kukosewa.

Nchi zetu za Afrika ya Mashariki zimekaa juu ya miamba inayoachana. Upande wa mashariki wa Bonde la Ufa na upande wa magharibi hutengana kwa milimita chache tu kila mwaka, yaani polepole kuliko kucha zetu zinavyokua. Lakini miamba haitelezi kwa urahisi. Hushikana penye ufa, ikapindika kidogo kidogo kama ufito unaopindwa, hata siku moja isiweze kuvumilia tena. Ndipo huteleza kwa ghafula, na mtikisiko wake ndio tetemeko.

Basi kazi ya kwanza ni kuvitafuta vyanzo. Vingine huonekana kwa macho. Tarehe 6 Januari 1928 lilitokea tetemeko la kipimo cha 6.9 huko Subukia, katika Kenya, na ardhi ilipasuka kwa makumi ya kilomita chini ya ukingo wa bonde. Ufa wa namna hiyo waweza kupimwa urefu wake, na urefu ni habari kubwa, kwa maana ufa mrefu waweza kuzaa tetemeko kubwa kuliko ufa mfupi. Tena twaweza kupiga hesabu. Tuseme miamba hujikusanyia mwendo wa milimita 2 kila mwaka, na tetemeko moja kubwa huitelezesha kwa mita 2. Mwendo huo utahitaji miaka 1,000 kukusanyika. (Hiyo ni hesabu ya kukadiria, ufa hauna kalenda.)

Lakini vyanzo vingine vimefichika kabisa. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la kipimo cha 5.9 lilipiga mkoa wa Kagera katika Tanzania. Watu zaidi ya 15 walikufa, na nyumba nyingi zikabomoka katika mji wa Bukoba na vijiji vyake. Chanzo chake kilikuwa kilomita 40 hivi chini ya ardhi. Mpimaji ambaye angalichora nyufa zionekanazo tu angaliwaambia watu wa Bukoba kwamba hatari yao ni ndogo.

Kwa hiyo mabingwa huongeza mfano wa namna ya pili. Huigawa nchi katika majimbo, kisha huhesabu matetemeko yote yaliyoandikwa katika kila jimbo, madogo kwa makubwa, bila ya kuuliza kila moja limetoka katika ufa gani. Gutenberg na Richter, waliofanya kazi California, walionyesha mwaka 1944 kanuni ambayo hata leo yatumika: kwa kila tetemeko moja la kipimo cha 6, hutokea kama 10 ya kipimo cha 5, na kama 100 ya kipimo cha 4. Hivyo matetemeko madogo, ambayo wengi wetu hatuyasikii, hutupa habari za ndugu yao mkubwa ambaye hajaja.

Udhaifu wa njia hii ni ufupi wa daftari lenyewe. Tarehe 13 Desemba 1910 pande za Rukwa zilipigwa na tetemeko la kipimo cha 7.4 hivi. Kama daftari lingalianza mwaka 1911, tungaliidhania nchi ile kuwa tulivu kuliko ilivyo! Nasi twaona ya kuwa bingwa mwema ni yule anayeitumia mifano yote miwili, akaipa kila mmoja uzito wake, wala hauachi mmoja kwa kuupenda mwingine.

Vyanzo vikiisha kuwekwa, hukadiriwa jinsi mtikisiko unavyopungua kwa umbali, na jinsi unavyozidi penye udongo laini. Njia ya kuyaunganisha yote haya ilielezwa na Cornell mwaka 1968. Mara nyingi ramani huonyesha mtikisiko ambao una bahati 10 katika 100 ya kuzidiwa katika miaka 50. Huo huitwa mtikisiko wa miaka 475, jina linalopoteza wengi, kwani si kusema kwamba ukiisha kuja leo, watu watastarehe miaka 475. Waweza kurudi hata mwakani. Fundi huitazama ramani hiyo apate kujua kama kuta zahitaji mkanda wa zege juu yake, na nondo ngapi ndani.

Kwa mahali pasipo na vyombo vya kupimia, wapimaji hutegemea pia maneno ya watu. Basi ukisikia tetemeko, andika tarehe, saa na jina la kijiji. Andika kama vyombo vilianguka kabatini, kama ukuta ulipasuka na upande gani, kama ardhi ilifunguka, na ufa ulielekea wapi. Pima ufa huo kwa hatua kabla mvua haijaufuta.