Safari ya Kwenda Kukitazama Kimondo

Waarabu husema, "Rafiki kabla ya njia," maana yake mtu na amtafute mwenziwe wa safari kabla hajaishika safari yenyewe. Sisi tukaao Tunduma twaiona kweli ya maneno haya kila siku, kwani mji wetu ni mji wa wapitaji. Malori yaja kutoka Dar es Salaam, yavuka kwenda Zambia na Kongo, na mengine yarudi na shaba. Lakini katika maelfu ya watu wapitao, ni wangapi wasimamao kuyatazama yaliyo kando ya njia? Jambo hili ndilo nipendalo kuzungumza na ndugu wasomaji mwezi huu.

Ninaye sahibu yangu aliyeendesha lori muda wa miaka thelathini. Amelipita kibao cha Kimondo mara zisizohesabika, wala hakukata usukani hata siku moja. Sasa amestaafu, na daktari amemwambia kuwa ana presha ya macho. Jicho lake la kushoto limekwisha kupoteza sehemu kubwa ya nuru yake, na nuru iliyopotea kwa maradhi haya hairudi. Kazi ya dawa ni kuilinda iliyosalia. Aliponipa habari hiyo alisema, "Maalim, miaka yote hiyo nimewapelekea watu mizigo yao, na macho yangu mwenyewe sijayapeleka po pote." Ndipo tulipoazimia kufunga safari, mimi na yeye.

Mkewe aliposikia aliuliza, "Je, fedha ya dawa ndiyo ya kwenda kutazamia jiwe?" Hoja yake ni ya haki. Masurufu ya nyumba ni wajibu wa mume, na matembezi ni jambo la hiari. Haifai la hiari kulila la wajibu. Basi tulipatana hivi: kwanza inunuliwe dawa ya macho ya miezi mitatu, kisha yaachwe masurufu ya nyumba, na kitakachobaki ndicho kitakachoipima safari. Naye mama akaridhika.

Tulipokaa kupanga, tuliona kuwa ajabu ya kwanza haihitaji nauli. Mpaka upitao katikati ya watu wetu, Tunduma upande huu na Nakonde upande wa pili, una asili yake katika mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1890. Mabwana walioketi Ulaya waliuweka mstari hivi ili njia iliyoitwa Stevenson, iliyokusudiwa kuunganisha Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, ibaki upande wa Waingereza. Reli ya TAZARA nayo yapita papa hapa. Ilianza kujengwa mwaka 1970 kwa msaada wa China, ikakabidhiwa mwaka 1976, na urefu wake ni kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi. Sahibu yangu ayakumbuka masimulizi ya wakubwa wake wa kazi: baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia utawala wao mwaka 1965, mafuta ya Zambia yalipitishwa katika barabara hii ilipokuwa tope tupu, hata madereva wakaipa jina la jehanamu.

Kituo cha pili ni Kimondo chenyewe, nacho ndicho shabaha ya safari. Ukitoka Tunduma kuelekea Mbeya utapita Vwawa, makao makuu ya Mkoa wetu wa Songwe uliozaliwa mwaka 2016, kisha utaiacha barabara kuu kwenda kijiji cha Ndolezi. Hapo pana pande la chuma lenye urefu wa kadiri ya mita 3, na uzito wake wakadiriwa kuwa tani 16. Karibu asilimia 90 yake ni chuma, na sehemu kubwa ya kilichosalia ni nikeli. Mpima ardhi aitwaye W. H. Nott alilipeleka kwa wataalamu habari zake mwaka 1930, lakini wenyeji walikuwa wakilijua kabla yake. Siku hizo sehemu ya juu tu ndiyo iliyoonekana. Udongo ukachimbwa pembeni, nalo likaachwa limekaa juu ya kiguzo chake. Mwaka 1967 likatiwa katika hifadhi ya serikali. Shimo la kuanguka kwake halionekani, na wenyeji hawakuwa na hadithi ya siku liliposhuka; kwa hiyo wataalamu wahukumu kuwa lilianguka zamani sana. Kubwa kuliko yote yajulikanayo duniani ni la Hoba, nchini Namibia, lenye tani 60 hivi.

Wanafunzi wangu waliniuliza, "Je, hiki ni katika vimondo wanavyopigwa mashetani?" Niliwajibu kuwa hilo ni la ghaibu, wala hapana ajuaye pande hili lilishuka kwa sababu gani. Sura ya Al-Hadid yataja kuteremshwa kwa chuma. Wako wafasiri waliolichukua neno hilo kwa dhahiri yake, na wako waliosema maana yake ni kuumbwa na kutunukiwa watu. Mtazamaji na atazame, azingatie, amshukuru Muumba. Asilipanguse kwa kutaka baraka, wala asiliombe kitu. Sayyidna Umar alilibusu Jiwe Jeusi huku akitangaza kuwa ni jiwe lisilodhuru wala kunufaisha, na kwamba alilibusu kwa kumfuata Mtume tu. Ikiwa hivyo ndivyo Makka, itakuwaje Ndolezi?

Kituo cha tatu ni Daraja la Mungu, wilayani Rungwe, ambapo mwamba wa asili umeuvuka Mto Kiwira kama daraja lililojengwa. Nilitamani pia tupande kwenye Ziwa Ngozi, lililo ndani ya shimo la mlima wa moto wa kale, lakini njia yake ni mlima na msitu, na miguu ya wazee wawili ina hesabu yake. Tumeliacha. Mapango ya popo na chemchemi za moto za bonde la Songwe nayo tumeyaacha, kwani gizani mwenye jicho moja hujikwaa. Kupanga safari ni kujua la kuacha.

Yapasa pia kupanga Sala. Masafa ya kupunguza Sala katika madhehebu ya Imamu Shafi ni marhala mbili, ambazo wanazuoni wengi wa leo wazikadiria kuwa kilomita zaidi ya 80 kidogo. Ndolezi peke yake haifiki masafa hayo, basi aendaye huko tu husali kamili. Lakini aliyeazimia tangu nyumbani kwenda Kiwira ni msafiri mara atokapo katika mji wake. Akisimama Ndolezi njiani ana ruhusa ya kupunguza.

Tumechagua mwezi wa Juni, mvua zikiwa zimekwisha na madrasa yakiwa katika mapumziko. Gari litaendeshwa na kijana wake, kwani dereva asiyeona vema upande mmoja hana haki ya kuzihatarisha roho za watu, hata akiwa stadi namna gani. Hatutasafiri usiku, na mteremko wa Mbalizi tutaushuka taratibu. Dawa ya macho itakaa mfukoni mwangu, niitoe kwa saa zake.

Nawe, ndugu msomaji, huenda karibu nawe liko jambo la ajabu ambalo hulipita kila wiki. Na huenda unaye sahibu ambaye macho yake, au miguu yake, haitangoja mwaka ujao. Mwendee, muulize apenda kuona nini, kisha wekeni siku.